Vipimo Vyote Vilikubaliana

1

Kilichonipeleka Kitulo mwaka ule ni barua ya nesi mmoja wa zahanati ya bondeni Usangu. Ilikuwa fupi, haikulalamika wala haikuomba kitu. Iliorodhesha majina ya watu thelathini na mmoja waliokufa kwa joto kati ya Oktoba na Desemba, umri wao, na walichokuwa wakifanya walipoanguka: kupalilia mpunga, kuchunga, kuteka maji, kukaa tu mlangoni. Chini yake nesi alieleza kwamba mwaka ule Utando ulipowekwa angani walikufa wawili. Kisha akauliza kama kuna mtu huko juu anayepima jua kweli.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Naitwa Subilaga Mwaisumo, na wakati huo nilikuwa mkaguzi wa vipimo wa Baraza la Anga, kanda ya kusini. Kila alfajiri ndege zisizo na rubani zilipanda kilomita ishirini na kumwaga vumbi jeupe juu yetu ili jua lifike chini likiwa limepunguzwa makali; vumbi hilo ndilo tuliloliita Utando. Kiasi cha vumbi kilitegemea vituo sita vya kupima jua. Vipimo vikishuka, maana yake watu wa chini wanakosa mwanga, vumbi linapunguzwa. Vikipanda, linaongezwa. Katika miaka kumi na miwili kanda yetu ilikuwa imepunguziwa vumbi mara nne, na ombi la mara ya tano lilikuwa mezani. Baraza lingekaa baada ya siku kumi na moja.

Mkuu wangu, Bwana Kasyupa, aliniambia niende nikaandike neno moja tu: inaaminika, au haiaminiki. Nilimwomba aagize chombo kipya kutoka nje tulinganishe. Akaniuliza nalinganisha nini, wakati vituo vyote sita vinasema kitu kimoja. Chombo kipya huagizwa pakiwa na mzozo, na hapa mzozo haukuwepo. Barua ya nesi, alisema, ni habari ya kusikitisha lakini si kipimo.

Sikubishana naye. Miaka saba kati ya hiyo kumi na miwili, sahihi iliyokuwa chini ya vipimo ilikuwa yangu.

2

Kitulo mwezi wa Julai ni baridi ya kuuma masikio. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu nilipofika, na Mama Ipyana, mtunza kituo, alikuwa tayari juu ya ngazi akifuta kuba la kioo kwa kitambaa cha pamba. Jina lake hasa ni Tumpale, lakini hakuna aliyemwita hivyo ila serikali na kadi ya kliniki. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mfupi, mwenye maneno machache na macho ya kukagua. Aliniuliza habari za safari kabla sijashuka kwenye gari, akaniambia nimekonda, kisha akarudi kwenye kioo chake.

Chombo chenyewe tulikiita Bibi. Chini ya makuba mawili ya kioo kuna bamba jeusi lenye ukubwa wa sarafu. Weusi ule hunywa jua na kupata moto, moto ule huzaa umeme kidogo, na umeme huo ndio namba tunayoandika. Kila kitu kinategemea weusi. Rangi ikipauka, bamba linakunywa kidogo kuliko linachopewa, na namba inashuka ingawa jua halijashuka. Kupauka kwa sehemu tano katika mia hakuonekani kwa macho. Niliangalia bamba la Bibi kwa lenzi kwa muda mrefu, nikaona weusi tu.

Bibi ndiye aliyewekwa wa kwanza katika kanda nzima. Vile vituo vingine vitano vilipofunguliwa, palihitajika chombo cha safari cha kupeleka kipimo kutoka kituo hadi kituo. Cha kwanza kilianguka kwenye gari karibu na Isyonje kikapasuka, na walioandika mwongozo wakaamua kwamba chombo kinachorushwarushwa barabarani hakiwezi kukisahihisha kilichotulia. Ikaandikwa hivi: kila mwaka chombo cha safari kitakaa kando ya Bibi siku tatu, na tofauti yoyote iliyo chini ya nusu katika mia itasawazishwa kwa kukirekebisha chombo cha safari. Kisha chombo hicho kitashuka na kuvirekebisha vingine vitano.

Nilikuwa nimefanya hivyo mara saba. Kila mara Bibi alikuwa chini kwa sehemu nne za kumi za moja katika mia, kila mara nikakishusha chombo cha safari kimfuate, na kila mara nikaandika: hakuna tofauti ya maana. Nadhani hata jina lilichangia. Angekuwa anaitwa Kituo Namba Moja, pengine mmoja wetu angethubutu. Lakini nani atasimama amwambie bibi kwamba haoni?

Siku ya kwanza nilikaa kwenye meza ya kituo nikaziweka zile tofauti kumi na mbili kwenye safu moja na kuzijumlisha. Zilikaribia tano. Hesabu hiyo ilikuwa na tafsiri mbili. Huenda Bibi alikuwa anapofuka taratibu na sisi tukawafunga wengine watano kitambaa machoni ili wafanane naye. Au huenda kila mwaka chombo cha safari kilipanda kidogo kikiwa kwenye sanduku lake mjini, kwa unyevu au kwa kutikiswa, na Bibi alikuwa sahihi siku zote. Kwa karatasi nilizokuwa nazo sikuweza kuzitenganisha. Vituo sita kukubaliana hakukuwa ushahidi tena, kwa sababu vyote vilikuwa vimefundishwa na mmoja.

Nilihitaji shahidi ambaye hajawahi kukutana na Bibi.

3

Shahidi huyo alikuwa jikoni, juu ya kabati, chini ya debe la unga.

Mama Ipyana alilima pareto nyuma ya kituo, robo tatu ya eka, na kila aliyemfahamu alijua kuhusu daftari lake. Zamani kiwanda kilimrudishia gunia kwa sababu maua yalikuwa na unyevu yakaota ukungu. Aliona aibu. Tangu siku hiyo kila ungo alioanika aliuandikia: siku na saa ulipowekwa juani, siku na saa maua yalipokauka, na hali ya anga. Siku zisizo na wingu hata moja alizipigia mstari na kuandika pembeni, jua tupu. Alikuwa na miaka kumi na minne ya maandishi hayo, kwa kalamu za rangi zote.

Nilimwomba anieleze anajuaje kwamba ua limekauka. Akachukua moja, akalishika kichwani kwa kidole gumba na cha shahada, akalivunja. Likikatika, limekauka. Likijikunja, bado. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia, na wanunuzi wenyewe hufanya hivyo kabla ya kuamini mashine zao.

Siku tatu nilifanya kazi moja. Nilichukua siku za jua tupu peke yake, za Juni hadi Agosti, zisizo na upepo mkali, nikatafuta wastani wa kila mwaka. Mwaka wa kwanza wa Utando maua yalikauka kwa siku tatu kamili, yaani saa ishirini na saba za jua. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa sita, ishirini na saba. Mwaka wa kumi na mbili, ishirini na saba kasoro dakika chache.

Jua halikuwa limebadilika. Pareto ilisema hivyo, na Bibi alisema hivyo, na pareto na Bibi hawajawahi kuonana. Sitaficha kwamba nilifurahi. Nilifurahi kwa ajili ya Baraza, kwa ajili ya wakulima wa Kitulo waliokuwa wanasubiri mwanga zaidi, na zaidi ya wote nilifurahi kwa ajili yangu na sahihi zangu saba. Joto la Usangu lingetafutiwa sababu nyingine. Niliandika inaaminika, nikaambatanisha jedwali la maua, nikapanga mizigo yangu ili niondoke kesho yake baada ya chai.

4

Asubuhi ile Mama Ipyana alikuwa amebandika chai ya maziwa kwenye sufuria isiyo na mikono. Ilipochemka na kuanza kupanda, aliinama akaiepua kwa mikono mitupu, akatembea nayo hatua nne hadi mezani, akaitua polepole asimwage. Hakuharakisha. Hakupuliza vidole. Aliendelea kunieleza habari za mbolea.

Nilikunywa chai yangu. Alipotoka kwenda kufuta kioo niliigusa ile sufuria, na hata baada ya muda wote huo iliniunguza.

Mizigo ilikuwa tayari kwenye gari. Niliingia nikakaa nyuma ya usukani bila kuliwasha, nikafikiri kwa utaratibu, kwa sababu nilijua nikifikiri ovyo nitaondoka.

Vidole visivyohisi joto havihisi ua pia. Mtu wa namna hiyo hatatosheka na ua lililokauka la kawaida. Atalisubiri likauke zaidi, mpaka livunjike kwa nguvu ya kumfikia. Kwa hiyo ataandika saa nyingi kuliko ilivyo kweli. Na kama saa zake zimeongezwa na vidole, lakini daftari linasema hazijaongezeka, basi kuna kitu kingine kilichokuwa kinazipunguza kwa kiasi hichohicho. Kitu hicho ni jua. Jua lilikuwa limepanda mwaka baada ya mwaka, huku Bibi akipofuka na vidole vikifa ganzi, kila kimoja kikificha kosa kwa njia yake, mpaka vyote vikakubaliana.

Lakini ili niyaseme hayo ilibidi nimtaje. Mwongozo uko wazi kuhusu mtunza kituo mwenye kasoro ya macho au mikono: anaondolewa siku hiyohiyo. Tena vumbi likirudishwa, pareto yake na ya wanakitulo wote ingekauka kwa shida na viazi vingechelewa. Nisiposema, hakuna mwingine aliyeiona ile sufuria. Ripoti ilikuwa imekamilika na ilikuwa nzuri, yenye shahidi huru ambaye ukaguzi wowote ungemsifu.

Niliogopa. Nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa nawaza Usangu peke yake. Niliwaza pia kwamba mtu aliyetia sahihi mara saba hapewi kalamu tena.

Nikashuka kwenye gari.

5

Sikutaka kumzunguka. Nilimwambia nilichokiona jikoni na nilichokifikiri garini. Aliendelea kukunja kitambaa chake cha kioo mpaka kikawa kidogo kama kiberiti. Kisha akasema kwamba ganzi ilianza miaka kumi hivi iliyopita, kwenye ncha tu, na kliniki walimwambia ni sukari. Dawa anakunywa. Kuhusu kazi hakumwambia mtu, kwa sababu kioo hakihitaji vidole vyenye akili.

Akaniuliza:

“Ukilipeleka daftari bila vidole vyangu, watasema nini?”

“Watasema jua halijabadilika, mama. Bibi ni mzima, na vumbi litapunguzwa tena.”

“Na ukilipeleka na vidole?”

“Watapata shaka ya kutosha kuagiza chombo kipya. Kikithibitisha, vumbi litarudi. Hapa mtapata kiwingu kila siku. Na wewe utaondoka kituoni, na mimi nadhani nitaondoka nilipo.”

Akauliza kuhusu wale wa Usangu, kama ni kweli thelathini na mmoja, au wamehesabiwa na mtu mwenye mikono kama yake. Nikamwambia wamehesabiwa na nesi, naye ameandika jina la kila mmoja. Nikatoa barua. Aliisoma yote, akiyatamka majina kwa midomo bila sauti, na alipofika mwisho alirudi kwa mmoja aliyekuwa amekaa tu mlangoni.

“Huyu ana miaka yangu,” alisema. Kisha akanirudishia. “Haya. Unanipimaje?”

Ilichukua siku mbili. Kwa mizani ya kituo na jiko la kukaushia niliandaa nyungo tano, kila mmoja ukiwa na maua yaliyobakiwa na kiasi fulani cha maji: sehemu kumi na tano katika mia, kumi na mbili, kumi, nane na nusu, saba. Namba niliziandika chini ya ungo, mahali asipoona. Kiwango cha kiwanda ni kumi. Kwenye mfuko wa nyuma wa daftari kulikuwa na vikaratasi vya kiwandani vya miaka yote, nami nilikuwa nimevipita bila kuvisoma. Miaka ya mwanzo viliandikwa kumi, halafu tisa na nusu, tisa, nane na nusu, na msimu uliopita saba. Nilimwonyesha. Alisema walikuwa wakimpongeza. Kila msimu yule karani wa mapokezi alimwambia maua yake ni makavu kuliko ya wenzake wote, naye alirudi nyumbani akitembea kwa madaha.

Tulipokaa kuanza, alichukua ua la kwanza akalipeleka karibu na shavu kabla ya kulivunja. Nilisita, nikijua nitakachosema kitamuumiza, lakini alinitangulia.

“Nasikiliza,” alisema. “Nimekuwa nikisikiliza mlio tangu lini, sijui.”

Akavua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja mara mbili, akakifunga juu ya masikio kwa nguvu mpaka ngozi ya paji la uso ikavutika. Akafumba macho. Akanyoosha mkono akingoja nimpe ua.

Kumi na tano, akasema bado. Kumi na mbili, bado. La kumi nilikuwa nimejaribu mwenyewe kabla, nalo lilikatika vizuri. Alilibonyeza, akalizungusha, uso umejikaza, akasema bado. Nane na nusu, bado. La saba lilipovunjika akasema sasa. Nilichanganya nyungo tukarudia mara nne, na mara zote nne ilikuwa hivyohivyo. Ua la kumi kufika saba juani huchukua saa moja na nusu. Saa moja na nusu katika saa ishirini na saba ni sehemu tano na kidogo katika mia. Zile tofauti zangu ndogo ndogo za Bibi zilikuwa karibu tano.

Alipofungua kitambaa aliniangalia usoni na hakuhitaji kuuliza.

6

Fomu ya Baraza ina jedwali la kuorodhesha vyombo vilivyotumika, hali ya kila kimoja, na tarehe kilipoanza kutiliwa shaka. Nilijaza mstari wa kwanza: Bibi, bamba limepauka, tangu mwaka wa kwanza. Mstari wa pili niliujaza mbele ya Mama Ipyana na kwa ruhusa yake: vidole vya mtunza kituo, ganzi, tangu mwaka wa pili au wa tatu, kasoro yake inapimika na imepimwa. Mstari wa tatu niliandika jina langu. Kwenye hali niliandika kwamba chombo hiki kilisahihisha kilichokuwa sahihi ili kifanane na kilichoharibika, mara saba. Bwana Kasyupa alinipigia simu akanitaka niufute mstari huo, kwa sababu mkaguzi si chombo. Nilimwambia hatukupata namba hata moja bila kupitia kwangu, na sikuufuta.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Baraza liliahirisha kupunguza vumbi. Chombo kipya kilifika Novemba, kikakaa kando ya Bibi siku tatu, kikaonyesha kwamba yuko chini kwa sehemu nne na nusu. Vumbi lilirudishwa Januari. Kwa msimu ule wa joto walikuwa wamechelewa; nesi aliandika tena, safari hii majina ishirini na sita. Barua hiyo ninayo. Mama Ipyana aliondolewa kwa barua ya mistari miwili yenye kumshukuru. Mimi nilihamishiwa ghala la vipuri, ambako hakuna kinachohitaji sahihi.

Nilipanda Kitulo tena Agosti ya mwaka uliofuata, nikiwa likizo. Anga ilikuwa na weupe mwembamba wa maziwa yaliyotiwa maji mengi, na vivuli havikuwa na ncha. Dukani njiani waliniuzia betri bila kuniamkia. Walikuwa na haki yao, viazi vilikuwa vidogo.

Nilimkuta Mama Ipyana nyumbani kwake, chini kidogo ya kituo, amekaa kwenye kigoda kando ya chanja. Aliniambia nimenenepa. Nilimuuliza maua yanakwendaje, akasema hii ni siku ya nne na hajui, ndiyo maana anaulizia kila anayepita. Daftari lilikuwa pajani mwake, limefunguliwa ukurasa mpya wenye safu moja zaidi.

Alichukua ua kwenye ungo akaninyooshea.

“Vunja wewe.”

Nililishika kichwani kwa gumba na shahada nikalikunja. Lilikubali kujikunja, laini katikati.

“Bado, mama.”

Akaandika saa. Akaandika bado. Kwenye ile safu mpya akaandika, vidole vya Subilaga, kisha akainua kalamu na kuniangalia kwa macho yale ya kukagua.

“Vina miaka mingapi?”

“Arobaini na minne.”

Akaandika hiyo pia.